Mwaka Walipochukua Nyundo ya Masereka

Kambale alizikwa Jumanne, ng'ambo ya mto Lhubiriha. Nilivuka mpaka wa Kongo asubuhi na fimbo yangu na koti ambalo siku hizi halitoki kabatini ila kwa mazishi. Askari wa mpakani hakuniuliza kitu. Mzee anayekwenda matanga, usoni anaonekana. Nilipofika walikuwa wamemlaza sebuleni katika jeneza la mkaratusi, mbao bado mbichi, na ubao mmoja wa ubavuni ulikuwa umeshaanza kujipinda kabla hajatolewa nje. Nilikaa kwenye benchi kando ya ukuta nikautazama ubao ule, mpaka mjukuu wake mmoja akaniletea chai na kuniuliza kama ni kweli mimi na babu yake tulipasua mbao pamoja. Nikasema kweli. "Miti ya namna gani, babu?" Nikamtajia: podo, mkangazi, musizi, mvule. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayetajiwa marehemu wa ukoo mwingine, kisha akaenda kuwapa wengine chai. Tangu siku ile sijalala vizuri. Kila nikifumba macho naona mwaka mmoja tu, ule uliofuata kufukuzwa kwa Wahindi, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi, na tulikuwa tukipasua mbao kwenye mgongo wa mlima juu ya Bwera, upande wetu wa Uganda.

Kazi ya kupasua mbao ilitaka watu wawili na shimo. Gogo lililazwa juu ya shimo, Kambale akasimama juu yake, mimi nikaingia chini, na msumeno mrefu ukapanda na kushuka kati yetu tangu umande ulipokauka hadi jua lilipopita kichwani. Mtu wa juu ndiye mwenye macho: anafuata mstari tuliouchora kwa uzi uliopakwa weusi wa betri za redio zilizokufa. Mtu wa chini ndiye mwenye mgongo, na ndiye anayekula unga wote wa mbao. Nilikuwa nikitema unga wa podo hata usiku, na jasho langu lilinuka podo. Kambale alikuwa amenizidi miaka kumi au zaidi. Alikuwa mtu wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa kufunga rozari kwenye mpini wa msumeno, aliyekuwa amevuka mto na mkewe wakati wa maasi ya kule kwao, na mke akamfia Bwera kwa homa. Sisi Wakonzo na wale Wanande wa ng'ambo ni damu moja. Mimi ni Bwambale, yeye Kambale, jina lile lile la mtoto wa kiume wa pili, limegawanywa na mto tu. Kwa hiyo hakuniita kwa jina. Aliniita "Jina," nami nikamwita hivyo hivyo. "Jina, usifunge macho," alikuwa akinipigia kelele kutoka juu. "Mutu wa chini akifunga macho, msumeno inapoteya njia."

Tulikula na kulala kwa Mama Baluku, mjane aliyekuwa na nyumba ya udongo chini kidogo ya msitu, pale kijito kilipotokea kwenye miti. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja ndefu niliyompasulia mwenyewe, na dirisha dogo la kutazama mtelemko. Chumba cha nyuma tulilala sisi, pamoja na magunia ya kahawa. Alitupikia ugali wa muhogo, ule tunaouita obundu, na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa hadi ikawa laini kama uji, na siku nzuri samaki wa chumvi kutoka Katwe. Mpaka leo nikinusa sombe ikichemka nasikia maji ya kijito kile. Yalikuwa yakipita nyuma ya ukuta mchana na usiku, membamba na baridi, hayakuongezeka sana wakati wa mvua wala kupungua wakati wa kiangazi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Aliyejua kwa nini alikuwa Masereka, askari wa msitu. Lakini nisimpambe mtu kwa kuwa ameondoka; Masereka hakupendwa. Alikuwa na kaptula ya kaki, miguu mikavu, na tabia ya kutokea nyuma ya mtu bila kikohozi. Wanawake aliwanyang'anya mapanga walipokata kuni mbichi. Mama Baluku alimwambia waziwazi, akimtilia sombe sahanini: "Wewe Masereka unapenda miti kuliko watu. Ukifa tukuzike juu ya mti." Naye akajibu huku akitafuna, "Mama, mimi iko na kazi. Wewe kula na mdomo, hapana kula na roho." Kiunoni alining'iniza nyundo ya serikali, yenye herufi zilizochongwa usoni pake. Mti aliougonga kwa nyundo ile, ulikatwa. Ambao hakuugonga, haukuguswa, hata kama ungekuwa umenyooka kama mshumaa. Alikuwa akizunguka shina, akitazama juu, akipapasa ganda, na Kambale alisimama na shoka akiomba Mungu. "Hii, sawa. Ile hapana. Ile ni mama yao, wacha izae." Kila bonde lilikuwa na mama zake, miti mikubwa ya mbegu. Tukishakata tulichopewa, alitufukuza bonde lile kabisa, tuhamie jingine, na tusirudi hadi miche iliyoota ipite kichwa cha mtu mzima. Kambale alinung'unika, kisha akazoea, kisha akaanza kunionyesha miche kwa kidole kana kwamba ni kuku wake. "Ona, Jina. Hii itakatwa na watoto yetu." Nilikuwa sina mtoto wala mchumba, lakini maneno yale yalinifurahisha.

Wanajeshi walikuja mchana, tukiwa mezani. Kiwanda kidogo cha mbao upande wa Hima kilikuwa kimebaki bila mwenyewe baada ya Mhindi wake kuondoka, na meja mmoja alikuwa amepewa. Meja alitaka magogo. Sisi hatukumwona hata siku moja; tulimwona luteni wake, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, na askari wanne. Mama Baluku aliwapisha, akawapa maji ya kunawa, akawawekea obundu. Luteni alikula vizuri, akasifu samaki. Kisha akafuta vidole na kumwangalia Masereka kiunoni.

"Nyundo hiyo. Leta."

"Afande," Masereka akasema, "hii ni ya serikali. Nilipewa mimi, nitaulizwa mimi."

"Serikali ni nani?"

Askari mmoja akamsimamisha, akafungua kamba, akaiweka nyundo mezani. Luteni akaishika, akasoma herufi zake kwa kuzigeuza kwenye mwanga wa dirisha, halafu akainuka, akamwekea Masereka uso wa nyundo kwenye paji la uso. Hakupiga. Alikandamiza tu, taratibu, mkono mwingine ukimshika kisogo, huku askari wakicheka, mpaka Masereka akafumba macho na machozi yakamtoka. Alipoondoa, herufi zilikuwa zimebaki kwenye ngozi, nyeupe, kisha nyekundu. "Sasa umeulizwa," luteni akasema. Akashukuru kwa chakula. Mlangoni akamgeukia Kambale, akauliza kwa sauti ile ile ya chini: "Wewe Mukongo? Karatasi iko?" Kambale akasema hana. "Basi kesho utafanya kazi na sisi, au utarudi kwenu kwa miguu." Walipokwisha ondoka, Mama Baluku alichukua sahani alizowapa, akazisugua kwa majivu kwa muda mrefu sana. Masereka aliketi pale pale, mkono kwenye paji la uso.

Walileta misumeno ya injini. Mlio wake haukuwa kama kitu chochote tulichokijua. Ulipanda na kushuka kama mtoto anayelia kwa hasira, na nyani wote walihamia upande wa juu siku ya kwanza. Mti ambao mimi na Kambale tulikuwa tukiuzunguka kwa shoka tangu asubuhi mpaka jioni, wao waliuangusha wakati mtu anavuta sigara moja. Nyundo alipewa askari ambaye hakujua kupambanua podo na mgomba, akagonga kila kilichosimama, mwisho akachoka hata kugonga. Mama walianguka pamoja na watoto wao. Gogo lilipoteremshwa kwa minyororo lilikokota miche yote iliyokuwa njiani, likaacha mfereji mwekundu kutoka juu hadi barabara ya malori. Sisi tulipewa kazi ya kusukuma magogo na kukata njia. Kambale alifanya kazi kimya. Siku moja tu, walipoangusha mkangazi uliokuwa na upana wa chumba, na katikati ukakutwa umeoza kwa uzee ukaachwa pale pale chini, alikaa juu yake akasema, "Jina, hata kula hawataki. Banaua tu."

Masereka aliniomba nimsindikize Kasese kwa mkubwa wake. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na aliamini kwamba Kiingereza changu kingesaidia chake kikikwama. Tulipanda lori la pamba, tukafika adhuhuri, jua la Kasese likiwa limeshika mabati ya mji mzima. Yule mkubwa hakutaka kutusikiliza ofisini. Alitunong'oneza twende nyumbani kwake saa ya chakula, kwa mlango wa nyuma. Nyumba ilikuwa na viti vya vitambaa vyeupe, na ukutani picha ya harusi na ramani ndogo ya wilaya, misitu ikiwa imepakwa kijani. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alimsikiliza Masereka hadi mwisho, akaangalia paji lake la uso ingawa hakuna kilichokuwa kimebaki pale, kisha akaingia jikoni kwa mkewe. Ukuta ulikuwa mwembamba. Tulisikia kila neno.

"Wape chakula waondoke," mke alisema. "Jirani ameshawaona."

"Ni mtu wangu. Amefanya kazi miaka yote hii."

"Na yule mwenzako wa Bwera aliyeandika malalamiko, mke wake anavaa nini leo? Si nguo nyeusi?"

Yule mkubwa alirudi na sinia ya wali na maharage, akatukaribisha kama wageni wa heshima. Tulipokwisha kula akasema: "Masereka, nenda nyumbani ukalime. Msitu huo kwangu upo kwenye ramani tu." Alitaka kucheka akashindwa. Masereka alimshukuru kwa chakula. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, nilidhani atalia au atatukana. Badala yake alifunga kamba za viatu vyake, akasema anakwenda Hima kumwona meja mwenyewe. "Meja ni mtu mzima. Iko na watoto. Mimi nitamwambia polepole: hii maji ya mto inatoka kwa miti, na mto ni ya watu wote." Nilimwambia asiende. Nilimshika mkono. Akaniambia niwahi lori la kurudi, nimpelekee mkewe Ithungu salamu na sabuni aliyomnunulia. Lori la wakulima wa Kitswamba lilikuwa likielekea upande ule. Walimpa nafasi juu ya magunia, akainua mkono, nami nikainua wangu.

Hakurudi. Mtu mmoja wa Kitswamba alituambia alimwona akiingia kwenye lango la kiwanda, na baadaye gari dogo likitoka na vioo vimefungwa. Zaidi ya hayo hakuna aliyejua, na aliyejua hakusema. Nilimpelekea Ithungu sabuni ile. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye watoto wanne, na hakupiga kelele. Alipika, akafunga chakula katika majani ya mgomba ndani ya kikapu, akashuka Kasese kwenye kambi ya jeshi, ambako watu walisema waliokamatwa hupelekwa. Kwenye lango la kambi alimtaja mumewe kwa jina. Askari akapokea kikapu. Jioni akamrudishia kitupu, majani yakiwa yamekunjwa vizuri. Alirudi mlimani uso unang'aa: "Amekula! Yupo, amekula chote!" Kwa hiyo kila juma alishuka na kikapu, na kila juma kilirudi kitupu. Mama Baluku alimpa samaki, Kambale akampa kuku, mimi nikambebea ndizi mpaka barabarani. Tulianza hata kubishana Masereka anapenda nini zaidi. Halafu siku moja mwanamke mwingine pale langoni, ambaye naye aliwahi kuleta kikapu, alimvuta pembeni akamwambia askari wa zamu ndio wanaokula. Ithungu alitusimulia hayo akiwa amesimama mlangoni mwa Mama Baluku, kikapu mkononi, na hakukubali kuketi. Akauliza tu, "Sasa yule kuku wa Kambale?" Kambale akatoka nje.

Mvua ya masika ile haikuwa kubwa kuliko nyingine. Wazee walisema hivyo, na mimi nasema hivyo. Lakini juu hakukuwa tena na kitu cha kuipokea. Kijito cha nyuma ya nyumba kikawa kizito, chekundu, kikaanza kubeba mawe. Usingizini tulisikia mawe yakigongana. Kambale alimwambia Mama Baluku ahamie kwa dada yake Bwera mjini mpaka mvua iishe. Akajibu kwamba nyumba isiyopikwa inaingiwa na mchwa. Siku ya soko la Mpondwe, sisi wawili tulishuka kununua chumvi na tupa ya kunolea msumeno, kwa sababu wanajeshi walikuwa wamekwisha ondoka, nasi tulitaka kupasua mabaki yao. Hapakuwa na gogo lililobaki la kufaa lori. Tukiwa sokoni, alasiri, tulisikia mlima ukitoa sauti. Watu walidhani ni bomu. Tulipanda mbio, na njiani tukakutana na mbuzi wamejaa matope, wakishuka peke yao. Ule mfereji mwekundu wa magogo ulikuwa umefunguka ukawa bonde. Nyumba haikuwapo. Tulichimba kwa majembe, kwa mbao, kwa mikono, watu wa mgongo mzima wa mlima, na Kambale hakutaka kupumzika wala kunywa maji. Meza tuliikuta mbali kule chini mtoni, imesimama kwa miguu yake mitatu. Mama Baluku tulimpata siku ya tatu. Padri alikuja kutoka chini, akasoma sala huku akiangalia juu, maana udongo ulikuwa ukiendelea kudondoka.

Baada ya mazishi Kambale alifunga msumeno wake kwa gunia. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema upande wa Beni, vita ikiwapo au isiwepo. "Kule pori iko munene, Jina. Unatembea wiki moya huoni jua. Ile haiwezi kuisha." Alisema hivyo akinitazama machoni kama mtu anayetaka kuungwa mkono, nami nikamwambia ni kweli, haiwezi. Tulisindikizana hadi mtoni. Tuliendelea kutembeleana hadi uzeeni, tukala pamoja sikukuu nyingi, na kila nilipovuka kumwona niliona lile pori likirudi nyuma, kwanza ng'ambo ya kijiji, kisha ng'ambo ya kilima, kisha tukaacha kulitaja.

Mashamba ya chini yalikuwa yamefukiwa na mawe. Redio ilikuwa ikihimiza kila siku watu walime zaidi, chifu naye hakuwa na jibu jingine kwa watu wenye njaa. Akasema: pandeni huko juu, mahali palipokwisha kukatwa ni pa nini tena? Wakapanda familia kwa familia, na majembe na watoto mgongoni. Kwa kuwa nilijua kila bonde na mpaka wake, niliambiwa niwagawie. Niliwapimia kwa kamba. Sikumwona mtu mbaya hata mmoja katika watu wale. Walichoma matawi yaliyoachwa na wanajeshi, moshi ukafunika mgongo wote wa mlima, na miche iliyokuwa imeponyoka minyororo ikaungua pamoja na matawi. Udongo wa chini yake ulikuwa mweusi, mnono, unanata mkononi kama unga uliokandwa. Mahindi ya kwanza yalizidi urefu wa mtu, na tulikula tukashiba, tukacheka tena. Misimu michache baadaye ulikuwa mwekundu na mawe, lakini mwaka ule hakuna aliyetaka kusikia hilo, na aliyekuwa akilisema kila siku hakuwapo.

Ithungu alikuja siku ya mwisho ya kugawa, amevaa kaptula ya kaki ya mumewe chini ya kitenge, watoto wakimfuata. Alionyesha kwa jembe bonde la karibu na maji, lile ambalo Masereka alikuwa ametufukuza humo kwa ukali kuliko mengine yote.

"Nipimie pale."

Nikamwambia, "Mama, pale ni mahali pake. Angekuwapo asingekubali."

"Angekuwapo ningekula mshahara wake," akasema. "Nipimie, mwanangu."

Nikampimia. Nilimpa kamba moja zaidi ya wengine na hakuna aliyelalamika. Alimlaza mtoto mdogo juu ya kisiki, mahali palipokuwa na kivuli cha moshi tu, akatema mate viganjani, akapiga jembe la kwanza. Likagonga mzizi. Akapiga tena, pale pale, mara nyingi, na mzizi haukukatika. Basi niliinama nikaushika kwa mikono miwili, nikauvuta kuelekea kwangu, ukawa umekazika kama kamba, naye akaukata.